Kuongeza na kupunguza miezi katika Python: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaweke pamoja. Mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyekwisha kuona tarehe ya ajabu kwenye skrini na hajui imetoka wapi. Mifano ni ya Python 3. Lugha nyingine zinatajwa pale tu tabia yake inapotofautiana, kwa sababu hapo ndipo watu wanaohamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine huumia. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini `timedelta` haina miezi?

Kwa ndani, `timedelta`, aina ya Python inayoshika urefu wa muda, huhifadhi vitu vitatu tu: siku, sekunde na mikrosekunde. Ukiipa wiki au saa, inazigeuza kuwa hivyo vitatu. Mwezi haugeuziki, kwa kuwa una siku 28, 29, 30 au 31, na huwezi kujua ni ngapi mpaka uambiwe ni mwezi gani wa mwaka gani. Ndiyo maana `timedelta(months=1)` hukurudishia `TypeError`.

Ukisema "siku 10" umetaja urefu. Ukisema "mwezi 1" umetoa maelekezo: fungua ukurasa unaofuata wa kalenda, utafute namba ileile. Karibu matatizo yote yaliyo hapa chini huanzia pale namba ileile inapokosekana kwenye ukurasa huo.

2. Nikiongeza siku 30, si inatosha?

Inategemea ulichoahidi. Kama mkataba unasema "siku 30", tumia siku 30 na usome kitu kingine. Kama unasema "kila mwezi", hapana. Chukua tarehe 31 Januari 2024:

```python
from datetime import date, timedelta
date(2024, 1, 31) + timedelta(days=30)   # 2024-03-01
```

Februari nzima imerukwa, na huo ni mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29. Upande wa pili, ukianza tarehe 1 Januari 2023 na kuongeza siku 30 mara 12, unaishia 27 Desemba 2023, bado uko mwaka uleule. Kosa la aina hii halipigi kelele. Linakusanyika polepole, siku moja hapa, mbili pale.

Wapo wanaotumia wastani. Kalenda ya Gregori hujirudia kila baada ya miaka 400, yaani siku 146,097 au miezi 4,800, hivyo wastani wa mwezi ni siku 30.436875. Namba hiyo inafaa kwa makadirio kwenye grafu. Kwa tarehe ya kumtoza mtu pesa haifai kabisa.

3. Njia rahisi na sahihi ni ipi?

Kama unaweza kuongeza maktaba, tumia `dateutil`. Jina lake la kusakinisha ni `python-dateutil`, na kama tayari unatumia pandas, maktaba ya kuchakata data, basi unayo, kwa sababu pandas inaitegemea.

```python
from dateutil.relativedelta import relativedelta
date(2023, 1, 31) + relativedelta(months=1)   # 2023-02-28
```

Tahadhari moja iliyowahi kunipotezea mchana mzima: `months` yenye *s* huongeza, `month` isiyo na *s* hubadilisha. `date(2023, 5, 10) + relativedelta(month=1)` haikupeleki Juni, inakurudisha tarehe 10 Januari. Python hailalamiki, kwa kuwa yote mawili ni matumizi halali. Ukiona ripoti zote zimeangukia Januari, anza kutafuta herufi hiyo.

4. Na kama sitaki kuongeza maktaba?

Funksheni ni fupi. Hii ndiyo nitakayoitumia kwenye majibu mengine yote:

```python
from calendar import monthrange

def ongeza_miezi(tarehe, n):
    jumla = tarehe.year * 12 + (tarehe.month - 1) + n
    mwaka, mwezi = divmod(jumla, 12)
    mwezi += 1
    siku = min(tarehe.day, monthrange(mwaka, mwezi)[1])
    return tarehe.replace(year=mwaka, month=mwezi, day=siku)
```

Wazo lenyewe: geuza mwaka na mwezi kuwa namba moja ya miezi, ongeza, kisha igawe tena kwa 12. Tunatoa 1 kwenye mwezi kabla ya kuhesabu kwa sababu ugawaji kwa 12 huacha baki la 0 hadi 11, ilhali miezi yetu ni 1 hadi 12. Wanaosahau hatua hiyo hukutana na mwezi wa 0 kila Desemba.

Kuhusu `monthrange`: inarudisha vitu viwili, na cha kwanza ni siku ya wiki ya tarehe 1, si idadi ya siku. `monthrange(2024, 2)` ni `(3, 29)`. Hiyo 3 ni Alhamisi, maana Python huanza kuhesabu na Jumatatu kama 0. Ndiyo sababu ya `[1]`.

5. Kupunguza miezi nako?

Ipe `n` hasi. `ongeza_miezi(date(2024, 1, 31), -1)` ni 31 Desemba 2023, bila sharti lolote la ziada. Ukiihamishia funksheni hii JavaScript, Java au C, hesabu hasi itakusumbua iwapo umeamua kugawa mwezi peke yake: huko `-1 % 12` ni -1, wakati Python inakupa 11. Ukibaki na `mwaka * 12 + mwezi`, jumla ni chanya kwa tarehe zote za kawaida na tatizo halitokei.

## Mwisho wa mwezi

6. Tarehe 31 Januari ukiongeza mwezi 1, jibu sahihi ni lipi hasa?

Hakuna jibu moja la kihesabu. Kuna maamuzi matatu, na kila chombo kimechagua lake.

La kwanza ni *kubana*: kama siku haipo, chukua siku ya mwisho ya mwezi huo. Hivyo ndivyo wanavyofanya `relativedelta`, `plusMonths` ya Java, `AddMonths` ya C#, alama `>>` ya Ruby, PostgreSQL na MySQL. Kwa mwaka 2023 wote watakuambia 28 Februari.

La pili ni *kumwaga*: siku zilizozidi zimwagikie mwezi unaofuata. "31 Februari" ni siku 3 baada ya 28, kwa hiyo ni 3 Machi. `setMonth` ya JavaScript, `AddDate` ya Go, `+1 month` ya PHP na SQLite kwa kawaida yake hufanya hivyo. Mtu aliyeomba mwezi ujao anapewa mwezi wa baada yake.

La tatu ni *kukataa*. `date(2023, 1, 31).replace(month=2)` katika Python hutoa `ValueError`. Katika R, `lubridate` hurudisha `NA` ukitumia `+ months(1)`, na inakupa alama nyingine, `%m+%`, kama unataka kubana.

Mimi hubana kwa malipo na vikumbusho, na hukataa pale mtumiaji anapojaza fomu kwa mkono, kwa kuwa hapo "31 Februari" huenda ni kosa la kidole. Kumwaga sijawahi kukutana na mteja aliyekutaka. Lililo muhimu zaidi ni kwamba programu yako na hifadhidata yako ziwe na uamuzi mmoja. Python ikibana halafu SQLite ikamwaga ndani ya mfumo uleule, utatafuta hitilafu kwa wiki nzima.

7. Malipo yangu yalianza tarehe 31, sasa yote yako tarehe 28. Kulikoni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Niliwahi kurithi programu ya ada za uanachama iliyokuwa nalo. Hakuna mwanachama aliyelalamika, maana nani hulalamikia siku 3? Aliyeligundua ni mhasibu, alipouliza kwa nini tarehe 28 ina malipo mengi kuliko siku nyingine zote za mwezi. Programu ilikuwa inafanya hivi:

```python
t = date(2023, 1, 31)
for _ in range(4):
    t = ongeza_miezi(t, 1)
    print(t)
# 2023-02-28
# 2023-03-28
# 2023-04-28
# 2023-05-28
```

Februari iliibana 31 ikawa 28. Kuanzia hapo programu haina kumbukumbu kwamba paliwahi kuwa na 31, inaiona 28 tu, na 28 ipo kila mwezi. Kila aliyejiunga tarehe 29, 30 au 31 aliishia kwenye shimo hilohilo Februari ilipopita, na hakutoka tena.

Dawa ni kuhesabu kila mara kutoka tarehe ya mwanzo:

```python
mwanzo = date(2023, 1, 31)
for i in range(1, 5):
    print(ongeza_miezi(mwanzo, i))
# 2023-02-28
# 2023-03-31
# 2023-04-30
# 2023-05-31
```

Kwa hiyo kwenye hifadhidata usihifadhi "tarehe ya malipo yajayo" peke yake. Hifadhi tarehe ya mwanzo na idadi ya awamu zilizokwisha kupita, ijayo utaikokotoa. Ukihifadhi ijayo pekee na ikishabanwa, habari imepotea, na hakuna ujanja wa kuirudisha isipokuwa kupekua kumbukumbu za zamani. Sisi tulilazimika kupekua.

Ugonjwa huu si wa vitanzi ulivyoviandika mwenyewe tu. `generate_series` ya PostgreSQL yenye hatua ya `'1 month'` kuanzia 31 Januari hutoa 28 Februari kisha 28 Machi, kwa sababu nayo huongeza hatua juu ya matokeo yaliyotangulia.

8. Mtu aliyeanza tarehe 30 Aprili alimaanisha "tarehe 30" au "mwisho wa mwezi"?

Tarehe yenyewe haiwezi kukuambia. Mpangaji anayelipa mwisho wa mwezi na mwingine anayelipa kila tarehe 30 wanafanana Aprili na kutofautiana Mei. `ongeza_miezi` inachukulia maana ya "tarehe 30", hivyo Mei itakuwa 30.

Oracle iliamua kinyume. `ADD_MONTHS` yake, ikipewa siku ya mwisho ya mwezi, hurudisha siku ya mwisho ya mwezi unaofikiwa: kutoka 28 Februari 2023 unafika 31 Machi. Kwa mshahara ni jambo zuri. Kwa kikumbusho cha kila tarehe 28 ni mshangao.

Muulize mtumiaji, kisha hifadhi jibu lake. Kama ni mwisho wa mwezi, njia nyepesi ni kuhifadhi 31 kama siku ya msingi na kuacha ubanaji ufanye kazi yake.

9. Napataje siku ya mwisho ya mwezi?

`monthrange(mwaka, mwezi)[1]` inatosha. Ukiwa na `relativedelta`, ongeza `relativedelta(day=31)`, nayo itabana yenyewe; hapa kukosekana kwa *s* ni kwa makusudi (swali la 3). Siku ya mwisho ya mwezi *uliopita* ni `leo.replace(day=1) - timedelta(days=1)`. Hiyo haikosei kamwe, kwa kuwa tarehe 1 ipo kila mwezi.

10. Programu imefanya kazi vizuri tangu Aprili, leo tarehe 31 Mei imeanguka. Sijagusa kitu.

Tafuta mstari unaofanana na huu:

```python
mwezi_uliopita = leo.replace(month=leo.month - 1)
```

Leo inatafuta 31 Aprili. Katika mwaka wa kawaida mstari huo huanguka Machi 29, 30 na 31, kisha tarehe 31 ya Mei, Julai, Oktoba na Desemba. Siku 7 tu. Halafu Januari unaanguka mwezi mzima, kwa sababu 1 kutoa 1 ni 0. Majaribio yanayotegemea `date.today()` yatapita karibu kila siku na kukuaibisha siku ambayo hupo ofisini. Badilisha mstari huo kwa `ongeza_miezi(leo, -1)`, na majaribio uyape tarehe maalumu, si ya leo.

## Kuhesabu miezi kati ya tarehe mbili

11. Nitajuaje imepita miezi mingapi kamili?

Usigawe siku kwa 30. Uliza hivi: ni miezi mingapi naweza kuongeza kwenye tarehe ya kwanza bila kuipita ya pili?

```python
def miezi_kamili(a, b):          # a isizidi b
    n = (b.year - a.year) * 12 + b.month - a.month
    if ongeza_miezi(a, n) > b:
        n -= 1
    return n
```

Uzuri wake ni kwamba kuhesabu na kuongeza vinatumia sheria moja, kwa hiyo haviwezi kupingana.

12. Kutoka 31 Januari hadi 28 Februari 2023 ni mwezi 1 au 0?

Kwa funksheni ya hapo juu ni 1, na `relativedelta(date(2023, 2, 28), date(2023, 1, 31))` pia inasema 1. `ChronoUnit.MONTHS.between` ya Java inasema 0, kwa kuwa inalinganisha namba za siku na 28 haijafika 31. Ajabu ni kwamba Java hiyohiyo, ukiiambia `plusMonths(1)` kutoka 31 Januari, inakupeleka 28 Februari. Yaani kwenda ni mwezi mmoja, lakini ukipima ulikotoka hujamaliza mwezi.

Zote mbili zina mantiki yake. Ila kama seva moja ni ya Python na nyingine ya Java, na zote zinapiga hesabu ya muda wa mkataba, amua ni ipi yenye neno la mwisho.

13. Kwa nini nikiongeza mwezi kisha nikautoa sirudi nilikoanza?

Kwa sababu kubana hupoteza habari. 31 Machi 2023, toa mwezi, ni 28 Februari. Ongeza mwezi, ni 28 Machi. Hakuna hitilafu hapo. Ni sababu ileile ya swali la 7.

Mpangilio nao una maana unapochanganya miezi na siku. Kutoka 30 Januari 2023: mwezi kwanza kisha siku 1 ni 1 Machi (28 Februari, kisha kesho yake). Siku 1 kwanza kisha mwezi ni 28 Februari. `relativedelta(months=1, days=1)` huanza na miezi. Ukiandika hesabu yako mwenyewe, fuata mpangilio huo ili usimshangaze atakayesoma baada yako.

## Pembezoni

14. Aliyezaliwa 29 Februari atimize mwaka lini?

`date(2024, 2, 29).replace(year=2025)` hutoa `ValueError`, na `relativedelta(years=1)` hukupa 28 Februari 2025. Kama unapaswa kutumia 28 Februari au 1 Machi ni suala la sheria au mkataba unaoutekeleza, si la Python. Kwa upande wa msimbo, mwaka ni miezi 12, kwa hiyo `ongeza_miezi(t, 12)` inatosha, na `ongeza_miezi(t, 48)` kutoka tarehe hiyo inairudisha 29 Februari 2028.

Usijiandikie kanuni ya mwaka mrefu ya "unaogawanyika kwa 4" na kuishia hapo. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, lakini 1900 haukuwa na 2100 hautakuwa, kwa sababu miaka ya mamia lazima igawanyike kwa 400. `calendar.isleap` inalijua hilo. Excel, kwa taarifa yako, mpaka leo inaamini kwamba 29 Februari 1900 ilikuwepo. Ilirithi kosa hilo kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, na likaachwa ili majedwali ya zamani yasiharibike.

15. Saa na ukanda wa saa vinaingiaje?

Ongeza miezi kwenye saa ya mahali alipo mtumiaji, kisha ndipo ugeuze kuwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima. Ukianza na UTC utaangukia siku nyingine. Tuseme ukanda uko mbele ya UTC kwa saa 3, na tukio ni 1 Machi 2023 saa sita na nusu usiku, yaani 00:30. Kwa UTC hiyo ni 28 Februari, 21:30. Ongeza mwezi hapo: 28 Machi, 21:30. Rudisha kwa saa za mahali: 29 Machi, 00:30. Mtumiaji alitarajia 1 Aprili.

`ongeza_miezi` inafanya kazi na `datetime` pia, kwa kuwa `replace` huacha saa na ukanda kama vilivyo. Panapobadilishwa saa kwa msimu, unaweza kuangukia saa ambayo siku hiyo haipo, na Python haitakuonya. Igeuze kwenda UTC na kuirudisha. Ikirudi na saa tofauti, ujue iliangukia kwenye pengo.

16. Nimeona `P1M` na `PT1M`. Ni kitu kimoja?

La. Katika ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na muda, `P1M` ni mwezi mmoja na `PT1M` ni dakika moja. Herufi `T` hutenganisha tarehe na saa. Mtego unaofanana uko kwenye `strftime`, inayogeuza tarehe kuwa maandishi: `%m` ni mwezi, `%M` ni dakika. Ukiona "2023-47-12", umeshajua.

17. Mbona baadhi ya mikopo inahesabu kila mwezi kuwa siku 30?

Huo ni utaratibu wa kifedha uitwao 30/360: mwezi siku 30, mwaka siku 360, ili riba ya kila mwezi iwe sawa. Hutumika kukokotoa riba. Tarehe ya kulipa bado inafuata kalenda, kwa hiyo weka funksheni mbili tofauti na usiruhusu moja iiite nyingine.

18. Nijaribu tarehe zipi?

31 Januari ya mwaka mrefu na wa kawaida, pamoja na 29 na 30 Januari, maana wengi hukumbuka 31 tu. 29 Februari ukiongeza 12 na 48. 31 Desemba ukiongeza 1 na 2. 31 Machi ukitoa 1. `n` ikiwa 0, ambapo tarehe lazima ibaki ileile. Na 31 Januari 2100, inayopaswa kwenda 28 Februari.

19. Tarehe za kihistoria je?

Python huipeleka kalenda ya Gregori nyuma hadi mwaka 1, kana kwamba ilikuwepo siku zote. Kiuhalisia ilianza 1582, ambapo 4 Oktoba ilifuatwa na 15 Oktoba, na Uingereza iliipokea 1752, 2 Septemba ikafuatwa na 14 Septemba. `date(1752, 9, 5)` itakubaliwa bila neno, ingawa London siku hiyo haikuwepo. Upande wa mbele mwisho ni mwaka 9999: `ongeza_miezi(date(9999, 12, 1), 1)` hutoa `ValueError`, jambo linalowakumba wanaotumia 9999-12-31 kumaanisha "haina mwisho" kisha wakasahau kuiruka kwenye kitanzi.